Wenye Kushika Kamba

Ni nani aliyemshika mwenzake: aliye juu na kamba mkononi, au aliye chini na kamba kiunoni? Nilidhani najua. Nilipewa shahada kwa sababu ya kujua. Katika chuo nilichotoka, ambacho jina lake limenidondoka njiani kama kifungo cha shati, tulifundishwa kwamba mradi una mwanzo na una mwisho, na katikati wapo watu wanaokuunga mkono. Sikuuliza mkono huo hutokea wapi. Ukiwa kijana unauona mkono kila mahali, hata kwenye tawi.

Nilifika katika mji ambao watu wake husalimiana kwa kuulizana, "Kiu ikoje?" na anayejibu husema, "Tunaimeza." Nilifika na dada yangu Sikudhani, au labda yeye ndiye aliyefika na mimi, siku zile alikuwa mkubwa kwangu kwa kiasi cha kunibeba mgongoni, si zaidi. Juu ya kilima kulikuwa na Jumba la Tuko Pamoja. Jumba hilo lilikuwa limeamua kwamba mji uwe na kisima, likanifanya mratibu wake. Wakanivisha fulana ya mratibu aliyenitangulia, ikiwa bado na joto la mwili wake, na tangu hapo wakaniita kwa jina lake, Msafiri.

"Mimi si Msafiri," niliwaambia.

Wakacheka kwa upole. "Hata Msafiri alisema hivyo."

Sikubishana. Nilikuwa na furaha. Huenda furaha ndiyo iliyonichanganya kwanza, mambo mengine yakafuata nyuma yake.

Kamba ya mji ule ina tabia yake. Ukiifunga kwenye nguzo, fundo hulegea lenyewe, taratibu, kama mtu anayejivua shuka usingizini. Ukiikandamiza kwa jiwe, hupenya chini ya jiwe. Inakubali mwili wa mtu tu, mkono au kiuno. Na mtu mmoja anaweza kumshikilia aliye chini asianguke, lakini hawezi kumpandisha. Kupandisha kunataka watu. Ndivyo mji ulivyoumbwa, na sikumkuta aliyeuumba nimuulize sababu.

Wachimbaji wake nao wana desturi wasiyoivunja. Anayeshuka hakubali kuteremshwa hata shubiri kabla hajauliza, "Mmeshika?" Na aliye juu lazima ajibu, "Tumeshika." Bila jibu hilo mchimbaji hukaa palepale, ananing'inia.

Dada yangu alijitolea kuchimba kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa na udhuru. Siku ya kuanza, Mkuu wa Jumba alitoka hadi barazani na koti lake jeusi lenye doa la chai kwenye ukosi, akaniwekea mkono begani, akasema, "Nenda, kijana. Jumba zima liko nyuma yako."

Nikageuka kutazama nyuma. Jumba lilikuwapo kweli, tena zima. Lakini lilikuwa limekaa.

"Mmeshika?" Sikudhani akauliza, miguu yake ikiwa tayari gizani mwa shimo lililoanzwa kabla yetu.

"Tumeshika!"

"Wewe na nani?"

"Na Jumba."

"Jumba lina mikono?"

"Lina kitengo kizima cha mikono, dada."

Akacheka, na kicheko chake kikaanguka mbele yake kisimani. Nikakisikia kikigonga kuta. "Haya, msomi wangu. Teremsha."

*

Sasa niseme habari ya wakati, ingawa siielewi, na kadiri ninavyoieleza ndivyo inavyozidi kunikimbia.

Juu ya ardhi, katika mji ule, ni saa nne ya asubuhi. Nasema ni, maana sikuona iwe nyingine. Jua limekaa pale linapokaa watu wanapokwenda kunywa chai, na vitumbua viko mezani, na mvuke unapanda kutoka vikombeni bila kikombe kupoa. Saa nne haiendi popote. Inangoja mkutano uishe. Lakini chini kisimani wakati haukuwa umefungwa kamba. Ulikuwa ukikimbia kama ndama aliyetoroka zizini. Mtu wa juu akivuta pumzi ya kuanza hotuba, chini masika yamenyesha na kuisha.

Nilijua hayo kwa kuiweka kamba sikioni, kama tulivyofanya utotoni kwa makopo na uzi. Sauti ya dada ilipanda.

"Mdogo wangu, nimeota mvi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda kunywa chai."

"Sijanywa chai, dada. Nilikuwa nawasubiri wanywe wao."

"Ni yaleyale."

Kisha sauti yake ikawa na unyevu. Akasema polepole. "Udongo umekuwa wa baridi. Unanata kama ugali uliokosa moto. Maji yako karibu, nayasikia yanahema. Nivuteni kabla hayajaamka."

Nivuteni, alisema, akiwa na maana ya wengi. Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa mmoja, na mwingine ulikuwa umeshika sikio.

Unaona ilivyokuwa? Tulichimba ili maji yaje. Kila nilipofumba macho niliomba yaje. Na sasa yangekuja na kumkuta dada yangu mlangoni, naye hana pa kupita. Kufaulu kwetu kulikuwa kunapanda kutoka ardhini, na kama kungekuwa kifo au kisima, hilo lilikuwa halijaandikwa chini kule. Lilikuwa linaandikwa juu, mezani, kando ya vitumbua.

Nikaizungusha kamba kiunoni nikapanda kilima. Ilirefuka kadiri nilivyotembea, haikumshusha wala haikumpandisha, ilinikata tu.

"Hiyo kamba iache nje," mlinzi aliniambia mlangoni.

"Nikiiacha, dada yangu ataanguka."

"Dada yako ana miadi?"

"Hana. Yuko kisimani."

"Basi huyo si mgeni wetu. Pita, lakini kamba isiguse zulia."

*

Kitengo cha Kushika kilikuwa chumba cha kwanza, chenye picha kubwa ya mikono miwili iliyoshikana. Afisa wake aliitwa Bwana Lugano. Nataka nimseme vizuri mtu huyu, kwa sababu alikuwa mwema tangu mwanzo, na wema wake ulinichanganya kuliko ubaya ambao ningeukuta. Mikono yake ilikuwa laini, inanukia sabuni ya maua. Alipoiona kamba imepita katikati ya chumba chake, imekazwa usawa wa goti, hakukasirika. Aliiruka kwa adabu, akasema, "Samahani, kamba."

"Bwana Lugano, naomba watu wa kuvuta."

"Kuvuta!" Akashika kifua. "Sisi hapa ni Kushika, mwanangu. Kuvuta ni ghorofa ya juu."

"Basi njooni mshike, mimi nipande huko ghorofani."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kushika tunakuunga mkono sana. Tunakuombea. Tunakutaja katika kila kikao. Lakini kushika chenyewe, kwa vidole..." Akavitazama vidole vyake kama vitu alivyoazimwa. "Hiyo ni kazi ya mradi." Kisha uso wake ukachangamka. "Mchimbaji ameshapewa fulana?"

"Bado."

"Ala! Yuko chini bila fulana? Anavaa saizi gani?"

"Sijui, Bwana. Anabadilika."

Alikwenda kabatini, akaiandaa, akaikunja vizuri, akaiweka kando kwa ajili yake. Aliruka tena kamba akirudi. "Samahani, kamba." Na mimi, ambaye nilipaswa kupiga kelele, nikamwambia ahsante. Niliona kweli kwamba amenisaidia. Nilitafakari ngazini: labda msaada una maumbo mengi, na mimi mjinga nalijua umbo moja tu.

Ghorofani, mlango wa Kuvuta ulikuwa umefungwa; ulifunguka wa Mkuu. Nikaeleza yote: kamba, dada, maji. Mkuu alisikiliza hadi macho yakamlowa. Akafungua kinywa ili atoe amri, na hapohapo akaitwa chumba cha pili. Mlango ukafungwa. Ulipofunguka, koti lilikuwa lilelile, na doa la chai kwenye ukosi, lakini uso ulikuwa wa mtu mwingine.

"Karibu," akasema. "Jitambulishe."

Nikajitambulisha. Nikaeleza kamba, dada, maji. Macho yakamlowa. Akaitwa. Mlango ukafungwa, ukafunguka. Koti, doa, uso mgeni.

"Karibu. Jitambulishe."

Sijui ni mara ngapi. Katika saa nne isiyokwisha, mara ngapi ni swali lisilo na mahali pa kukaa. Najua tu kwamba nilianza kuchoka kusema jina langu, nikawa nasema "Msafiri" ili kufupisha, na kila nilipolisema nilihisi fulana ikinikaa vizuri zaidi. Kamba ilikuwa sikioni.

Mdogo wangu, huyo anayesema ni nani?

Ni Mkuu.

Na yule wa masika yaliyopita?

Alikuwa Mkuu.

Mwambie maji yameamka. Yako vidoleni.

Nimemwambia. Wa kabla yake nilimwambia pia.

Mwanangu...

Dada, umeniitaje?

Nimekuitaje? Huku kunachanganya. Sauti yangu inatoka kama ya mama. Mwanangu, yako kwenye vifundo vya miguu. Umekula lakini?

Sijala.

Kula. Mtu hashiki kamba na njaa.

Mlango ukafunguka tena. Koti. Doa. Uso huu ulikuwa wa kijana, karibu rika langu, na kwa kitambo kifupi nilidhani ni mimi, nimeingia kwa mlango mwingine. Nikamweleza. Niliposema maji yamefika magotini kwake, aliruka kutoka kitini.

"Yamefika?"

"Yamefika, Mheshimiwa. Ndiyo maana nataka watu."

"Watu utawapata! Jumba lote litashuka kilima. Tunakwenda kuzindua."

Nililia. Sikuona haya. Niliisemea kamba pale pale, mbele yake, "Dada, wanakuja! Wote!" Na kamba ikajibu kwa sauti ya mbali, iliyokauka kama jani la mgomba: "Haya, mjukuu wangu. Waambie waje na mikono yao."

*

Walishuka. Hilo sitalikana, walishuka wote, na walinzi, na wapishi, na akinamama wa chai na vikombe vyao. Likatandikwa turubai. Vikapangwa viti, na kila kiti kikapewa maji ya chupa. Watu wa mji, midomo ikiwa imepasuka, walisimama nyuma wakizitazama chupa. Mimi nikaketishwa mstari wa mbele, kwa heshima, kisima kikinikabili. Kamba ilitoka kiunoni mwangu, ikakatiza mbele ya jukwaa, imekazwa usawa wa tumbo, hadi shimoni.

Akinamama wa mapambo wakaja, wakaitazama. Wakaanza kuivika kitambaa chekundu cha kung'aa, wakaizungushia taratibu, wakafunga ua kubwa katikati. Nilidhani wanaiheshimu. Moyo wangu ulipanuka. Nilisema, hatimaye wameiona.

Je, ningejuaje? Katika Jumba la Tuko Pamoja hapajapata kufunguliwa kitu bila kukata kitu. Hawakuwa na hila. Waliona kitu chembamba kimenyooshwa mbele ya mgeni rasmi, usawa wa mkono, na macho yao, yaliyolelewa katika sherehe, yakaona utepe.

"Mheshimiwa," nilimwita Mkuu alipokaribia, "tuvute kwanza."

"Kila jambo na utaratibu wake, Msafiri. Tunakata, tunapiga picha, kisha hayo mengine."

"Tunakata nini?"

Mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti. "Wageni waalikwa, simameni!" Binti mmoja akaja na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na mkasi. Nikajaribu kusimama, lakini mtu aliyesimama akiwa amefungwa uzito wa nduguye kiunoni hasimami haraka.

Ndipo swali likapanda. Lilikuja jepesi, kama kitu kilichoulizwa zamani sana na kuchelewa njiani.

"Yako kifuani, mjukuu wangu. Mmeshika?"

Nikageuka nyuma, kama siku ile ya kwanza. Walikuwa wamesimama, kweli, wote. Katika kila mkono kulikuwa na chupa.

"Niko peke yangu, dada."

Nilisikia maji.

"Najua," akasema. "Nimejua tangu masika ya kwanza. Kamba ya mtu mmoja inatetemeka." Kisha akaongeza, "Ila ulikuwa ukisema 'tumeshika' vizuri sana. Nilikuwa nikilala kwa hilo."

Mkasi ukafumba.

Nilianguka chali pamoja na kiti changu na kipande cha kamba kilicholegea. Makofi yakalia. Ile ncha nyingine, pamoja na ua lake jekundu, ikakimbia kwenye majani kuelekea kisimani, inateleza kama nyoka aliyetoka harusini, na watu wakazidi kupiga makofi, wakidhani hilo nalo limo kwenye ratiba. Katika njia yake alikuwa akipita Bwana Lugano, fulana ya Sikudhani mkononi, anampelekea. Akaiona kamba. Akaruka kwa adabu, kama alivyoiruka siku zote.

"Samahani, ka..."

Lakini haikuwa tena mahali alipozoea kuirukia. Akatua juu yake. Kiatu chake kikalikanyaga ua.

Ikasimama.

Nataka ujue kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Jumba kumshika dada yangu, na ilikuwa kwa kisigino, na kwa bahati mbaya. Lugano alitazama chini. Kiatu kilianza kuburutwa. Nikaona jambo likimpita usoni ambalo siwezi kuliita wazo. Lilikuwa la zamani kuliko wazo. Akaitupa fulana begani, akainama, akaishika kamba kwa mikono miwili.

Ilimteleza. Ngozi laini ikatoka, sabuni ya maua ikanuka mara ya mwisho. Alipiga yowe, na yowe lake halikuwa neno la kikao chochote.

"Nishikeni! Jamani, nishikeni!"

Nilikuwa nimeshamfikia. Nikamkamata kiunoni. Mama mmoja wa chai akanikamata fulana, ikapasuka, akanikamata mkono. Mlinzi akamkamata yule mama, akisema, "Samahani, mama, nimekushika, samahani." Mshereheshaji akatupa kipaza sauti. Watu wa mji wakatoka nyuma ya viti. Nani wa Kushika, nani wa Kuvuta, hapakuwa na aliyeuliza. Tulikuwa mstari mmoja wenye visigino vingi. Mkuu alibaki jukwaani na mkasi wake, akisoma hotuba, maana haikuwa imeisha. Na nyuma ya sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nifike mji ule, nikaona mvuke wa vikombe umekoma. Chai ilikuwa inapoa.

Akatoka. Maji yalimsukuma kutoka chini na sisi tulimvuta kutoka juu, sijui ni nani aliyemtoa. Alikuwa na uso wa bibi yetu, mzaa mama, ambaye nimemwona katika picha tu. Nywele zote nyeupe. Vidole vimekunjamana. Akakaa ukingoni, akakohoa, akatema maji, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mdogo wangu," akasema. "Mmenikawiza."

Nilikilaza kichwa changu pajani pake palipoloa.

"Usilie, unaongeza maji. Fulana yangu iko wapi? Nasikia baridi."

Bwana Lugano akainamisha bega, fulana ikaanguka mapajani pa dada. Ilikuwa kubwa mno. Akaivaa hivyohivyo.

Kisima kilifurika. Watu walikunywa kwa viganja, kwa kofia, kwa chupa tupu za wageni. Mtu mmoja akamsalimu mwenzake, "Kiu ikoje?" na mwenzake akasimama na kinywa wazi, hajui ajibu nini, wakaanza kucheka wote wawili. Jukwaani, Mkuu akatangaza kwamba mradi umefaulu. Sikumbishia. Ningembishia kwa lipi? Maji yalikuwapo. Dada yangu alikuwapo. Ujana wake haukuwapo, na katika hotuba hapakuwa na sentensi ya kuuweka. Nimejiuliza tangu siku ile kama jambo linaweza kufaulu na kushindwa kwa pumzi moja, na kama yupo mtu wa kulipima hilo. Nikijiuliza hivyo nachanganyikiwa, nasikia kiuno kikiniuma.

Watu walipotawanyika, Lugano alikuwa bado pale. Amechuchumaa kwenye majani, kamba imo mikononi mwake, imekazwa, ingawa mwisho wake haukuwa na mtu. Damu ilikuwa imechanganyika na nyuzi za kitambaa chekundu.

"Bwana Lugano," Sikudhani akamwambia, "nimeshatoka. Achia."

Akamtazama. Akatazama mikono yake.

"Nikiachia," akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, "nitashika nini?"

Dada akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa na kipande changu tu, kimezunguka kiuno, ncha yake inaburuta. Nikaiokota hiyo ncha nikampa Lugano. Akaipokea kwa mkono mmoja, ile nyingine hakuiacha, akakaa hivyo katikati yetu, mikono imetanuka. Na kamba, ambayo haijapata kukubali fundo, ikawa nzima mikononi mwake.